Barua kutoka Dublin: Lugha ya Kwanza Haiendi Dukani

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Dublin, ambako mvua ni mwenyeji na jua ndilo mgeni. Mnauliza kama Waairishi wanaongea Kiairishi. Ukifuata ibara ya 8 ya katiba yao ya 1937, hakuna ubishi: hiyo ndiyo lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, Kiingereza ni cha pili. Vibao vya barabarani vinatii, Kiairishi juu, Kiingereza chini. Lakini ukienda kununua maziwa, huyo wa pili ndiye anayepokea hela na kurudisha chenji. Kiairishi kimekuwa kama babu kwenye harusi ya mjukuu: kiti cha mbele ni chake, ila hakuna anayemuuliza habari za bajeti. Tangu 2022 nyaraka za Umoja wa Ulaya nazo hutafsiriwa kikamilifu kwa Kiairishi, hivyo ni rahisi zaidi kusoma kanuni za uvuvi kwa lugha hiyo kuliko kuagizia samaki mwenyewe hapa mjini.

Mtabisha kwa takwimu, maana kwenye sensa ya 2022 watu milioni 1.87, yaani asilimia 40, walisema wanaweza kukizungumza. Sawa, ila karani wa sensa hampi mtu mtihani. Swali linalofuata ndilo linaloumbua: wanaokitumia kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968 tu, na zaidi ya 470,000 kati ya wale wanaojitapa walikiri hawakizungumzi kamwe. Mtoto hufundishwa kuanzia shule ya msingi hadi mwisho wa sekondari. Kengele ikilia, lugha inabaki na chaki.

Wapo wanaosema huo ni uvivu, serikali iache kupoteza fedha. Sikubali. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine kiasi hicho ng'ambo, tena iliwaponda zaidi maskini wa magharibi, walioishi kwa Kiairishi. Mzazi aliyemtuma mwanawe New York ilibidi amtafutie nauli na Kiingereza pia. Na leo kinachokimaliza si chuki, ni adabu. Kwa kuwa karibu kila anayekijua anajua pia Kiingereza, watu sita wakiwa wanakizungumza akaingia mmoja asiyekijua, wote sita wanahama ili mgeni asijione mpweke. Hata katika Gaeltacht, maeneo yaliyotengwa rasmi kwa ajili ya lugha hiyo, sensa hiyohiyo ilihesabu wakazi 106,220, lakini waliokitumia kila siku nje ya masomo walikuwa 20,261. Sheria inaweza kuamuru kibao. Haiwezi kuwakataza watu ukarimu.

Ila msicheke sana huko. Wapare sita wakikaa Kariakoo akaingia Mhaya mmoja, mazungumzo yanahamia lugha gani? Katika hadithi hii, Kiswahili chetu kinashika nafasi ya Kiingereza, si ya Kiairishi.