Baba Mdogo, Nina Mishahara Miwili

Edinburgh, Desemba 2025

  Huku ni baridi, jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mimi ni mzima. Sasa habari yenyewe, na Baba mdogo wa Butiama asomewe akiwa amekaa: nimepata kazi ya pili. Nina mishahara miwili.

Najua atakachosema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, na ukimkumbusha kwamba chama cha CCM kilikwishalegeza masharti hayo kule Zanzibar mwaka 1991, Baba mdogo hujibu kwamba yeye hakualikwa. Tena nafanya haya Edinburgh, mji uleule aliosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952! Utetezi wangu ni mfupi: masharti yale yaliwabana viongozi, nami huku siongozi chochote isipokuwa dekio. Halafu, maadamu tumeyagusa, Azimio hilohilo lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Baba mdogo, si ulikuwa mtendaji wewe? Vile vyumba vinne vya Kiabakari, wapangaji hawajambo?

Mjomba wa Bunda naye kapiga hesabu zake. Alisikia kima cha chini huku, tangu Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Akaigeuza shilingi, akapata karibu elfu arobaini. Akazidisha kwa saa 24, akazidisha kwa siku 30, ikatoka karibu milioni 29 kwa mwezi, na jioni hiyohiyo akanitumia picha ya Fuso inayouzwa Mwanza. Mjomba, hesabu ni safi, ila umesahau kunilaza.

Halafu kuna sheria. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye viza kama yangu haruhusiwi kuvuka saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, awe na mwajiri mmoja au kumi. Kama ni hivyo, kazi mbili za nini? Ni kwa sababu ile ya kwanza, ya kuosha vyombo kwenye jiko la hoteli, ina mkataba usioahidi hata saa moja. Wiki hii wanakupa saa 16, wiki ijayo sita, wiki ya tatu unapata ujumbe wa kukutakia mapumziko mema. Mwenye nyumba hajawahi kunitakia mapumziko. Yeye anataka pauni 700 zake za chumba kila mwezi, na chumba chenyewe ukifungua kabati lazima kwanza upande kitandani.

Basi nimeongeza kusafisha ofisi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla wenye ofisi hawajaja. Ni kazi ya amani. Nadeki korido ndefu peke yangu, nakalia kiti cha mkurugenzi kidogo kupima kama kinanifaa (kinanifaa), saa mbili naondoka kwenda darasani na jua bado halijachomoza. Mhadhiri anazungumzia kuondoa umaskini vijijini. Mimi nasinzia kwa niaba ya vijiji vyote.

Shida ni mameneja. Mameneja wawili ni mitala isiyo na wazee wa ukoo wa kusuluhisha: kila mmoja anaitaka Jumamosi, kila mmoja anauliza kwa sauti ya upole kama kweli naithamini kazi yake, na mimi ndiye wa kuhesabu saa za pande zote mbili zisivuke 20, maana zikivuka, viza ni yangu, si yao.

Na kodi je? Kazi ya kwanza imebeba msamaha wote wa kodi, pauni 12,570 kwa mwaka. Ya pili ikapewa alama ya SBR, maana yake asilimia 20 inakatwa kuanzia pauni ya kwanza kabisa. Mama aliuliza huyo SBR ni ndugu wa nani mpaka apewe fungu kila mwezi. Mama, ndiye ndugu pekee asiyepiga simu kuomba, anachukua mwenyewe. Afadhali kilichokatwa kupita kiasi hurudishwa baada ya mwaka wao wa kodi kufungwa, Aprili 5.

Msinionee huruma, wala msinicheke. Dada ni nesi Musoma na anauza vitenge kwa WhatsApp akiwa zamu ya usiku. Mjomba ni mwalimu, na kijana wa bodaboda humletea hesabu kila jioni. Ukoo mzima hakuna mwenye kazi moja, ila mimi ndiye ninayeitwa mbeba boksi.

Mwisho, kamati ya harusi. Nimeona jina langu kwenye orodha ya michango, mstari wa kwanza, juu ya mbunge, laki tano, na kwenye mabano mmeandika "Ulaya". Futeni mabano, futeni tano, andikeni moja. Nitaituma tarehe 28, hoteli ikilipa.