Fundi Amesema Ni Tairodi

Landrova yangu ni 109, Series III ya mwaka 1978, na kabla haijabadilishwa chochote ilikuwa inakwenda. Naomba hilo lieleweke mapema. Usukani ulikuwa unacheza, ndiyo. Ukitaka kukata kulia unaanza kuzungusha mapema, unasubiri kidogo, kisha gari linakubali. Lakini nilikuwa naujua, na wenyewe ulikuwa unanijua. Vifaa vyote vya chini vilikuwa vimechakaa kwa kiwango kimoja na vimezoeana kama wazee wa bao: kila mmoja anaujua udhaifu wa mwenzake, na hausemi.

Kisha shemeji yangu akaomba gari apeleke saruji, akarudi akitetemeka na kutangaza mbele ya mama watoto kwamba ninaendesha jeneza. Basi. Ukishatangaziwa hivyo sebuleni kwako, lazima uende gereji.

Fundi aliingia chini, akatoka, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema lile neno ambalo mafundi wa Dar es Salaam hulisema hata kabla hujazima injini: "Tairodi, mzee wangu."

Sasa, Landrova ya aina hii usukani wake hauendi kwenye magurudumu kwa njia ya mkato. Unashuka kwenye boksi yake, boksi inasukuma fimbo, fimbo inasukuma dude lililosimama wima ndani ya chesisi pale mbele, dude hilo linasukuma fimbo ya pili mpaka kwenye gurudumu, na fimbo ya tatu inalivuta gurudumu la upande mwingine. Fimbo tatu, kila moja na ncha mbili, kila ncha na boljointi yake. Jumla sita, ndizo hizo tairodi. Gari likiwa na sita, fundi hakuuzii moja.

Nilipokwenda kununua vipuri Gerezani, muuzaji aliniwekea mezani maboksi matatu.

"Ipi orijino?" nikauliza.

"Zote orijino, mzee."

"Mbona bei tofauti?"

"Hii ni orijino. Hii ni orijino ya Dubai. Hii sasa ndiyo orijino yenyewe."

Nikachukua orijino yenyewe. Mipira yake ya kuzuia vumbi ilipasuka kabla hata sijamaliza kulalamika kuhusu bei.

Zikafungwa. Nikakaa kwenye kiti, nikanyoosha gari barabarani, na usukani ukawa umelala upande. Gari linakwenda mbele, mikono yangu inakata kona. Nikarudi. Kijana wa gereji akasema hilo dogo tu. Akafungua nati ya katikati, akauchomoa usukani, akaurudisha ukiwa umenyooka, akatabasamu.

Hapa ndipo ninapoomba Mungu anipe subira. Usukani umelala kwa sababu fimbo zimefungwa urefu usio wake. Ukiuchomoa na kuunyoosha kwa macho, umemfurahisha mwenye gari, lakini boksi kule chini haiko katikati yake. Boksi hizi zimetengenezwa zikabe vizuri pale gari linapokwenda moja kwa moja, na zilegee kidogo kwenye kona. Ukiihamisha, legelege ile inakuja kukaa kwenye barabara iliyonyooka. Zaidi ya hapo, gari likawa linakata kona kushoto kama bajaji, na kulia linahitaji uwanja wa mpira. Nikaanza kupanga safari zangu kwa kufuata kona za kushoto, jambo linalowezekana Dar es Salaam kama huna mahali pa kufika.

Tairi za mbele zikaanza kuliwa pembeni. Nikaambiwa alaimenti. Nikapeleka mahali penye kompyuta na viyoyozi, kijana akanipokea vizuri, shikamoo, marahaba, akauliza gari ni la mwaka gani. Nikamwambia. Akateremsha orodha kwenye kioo, akateremsha, akateremsha tena, akaniangalia kana kwamba nimemletea ng'ombe. Akachagua gari lingine "linalofanana". Mashine ikatoa karatasi nyekundu tupu, na kijana akanishauri turekebishe mlalo wa magurudumu. Mwanangu, difu la mbele la Landrova hii ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Hakuna cha kulaza wala kusimamisha pale. Kinachorekebishika ni urefu wa ile fimbo inayounganisha magurudumu, basi. Nililipa. Karatasi ninayo.

Wakati huo huo oili ikawa inavuja nyuma ya gurudumu, kwenye lile tufe la chuma lisilogeuka, ambalo nyumba ya gurudumu inageuka juu yake. Fundi akasema tufungue tubadilishe sili, na kwa kuwa tumefungua, tubadilishe na bushi ya juu na beringi ya chini. "Kwa kuwa tumefungua" ni maneno matatu yaliyokula pesa nyingi za wanaume wa rika langu kuliko pombe. Tukabadilisha. Na usukani ukawa mwepesi! Kidole kimoja! Gereji nzima ikaja kujaribu. "Pawa stelingi hiyo, mzee!" Fundi akasimama kifua mbele, na mimi nikampa na ya soda.

Wepesi ule ulidumu mpaka Barabara ya Bagamoyo, spidi 60, nilipopita kwenye kishimo ambacho hata pikipiki ingekidharau. Magurudumu ya mbele yakaanza kupiga makofi kushoto kulia, usukani ukaninyang'anya mikono, dashibodi ikaimba, na kila kilichofungwa kwa nati kikaomba kufunguliwa. Gari haliachi mpaka upunguze karibu na kusimama. Nyuma daladala inapiga honi, konda ananipa ushauri wa kuuza chuma chakavu.

Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukawa mtaalamu. Balansi, akasema wa kwanza. Shokapu, akasema wa pili. Springi zimelala, akasema muuza chipsi, na sikumwuliza anajuaje. Kila mmoja alikuwa na kifaa cha kupendekeza na ndugu mwenye duka. Jirani yangu hakuwa na kifaa, yeye alikuwa na swali: mbona hukwenda Arusha ile Oktoba 2024 wenye Landrova walipokusanyika kuandamana? Nikamjibu kwamba wenzangu walikwenda kuandamana kwa mstari, na gari langu mstari halijui.

Nilibadilisha shokapu. Likapiga makofi vilevile, ila sasa kwa ulaini.

Aliyelimaliza jambo hili ni mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za serikali, zama ambazo Landrova ndiyo ilikuwa gari la bwana shamba, la daktari na la mkuu wa wilaya. Hakuuliza nina pesa ngapi. Alimkalisha mjukuu wake ndani autikise usukani, yeye akalala chini na kushika boljointi moja moja kwa vidole. Kisha akapiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitingisha. Akalishika kushoto na kulia, akalitingisha tena. Akaguna. Akaomba mizani.

"Mizani ipi, mzee?"

"Ya samaki. Ile ya kuning'iniza."

Nikaenda kuazima kwa mama muuza samaki wa mtaani, ambaye alitaka kujua kwanza Landrova imefikisha uzito gani. Mzee akaitoa ile fimbo ya kuunganisha magurudumu, akaingiza ndoano ya mizani kwenye tundu la mkono wa gurudumu, akavuta taratibu. Gurudumu likageuka na mshale haujafika hata kilo 1. Mzee akacheka kwa pua. Inatakiwa kilo 5 hivi, akasema. Bushi ile ya juu kazi yake ni kukaba. Ndiyo inayozuia magurudumu yasicheze yenyewe. Vijana walipofunga, wakajaza vibati vyembamba vingi chini ya pini ya juu, ikalegea, mkashangilia.

Akatoa kibati kimoja, akapima. Akatoa kingine, akapima. Huku anaongea peke yake kuhusu watu wanaofunga gari kwa furaha.

Kisha akauzungusha usukani mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia akihesabu, akarudi nusu, akaiacha boksi hapo katikati yake, ndipo akarekebisha fimbo. Fimbo hizi ncha moja ina uzi wa kawaida na nyingine uzi wa kinyume, makusudi, ili uzungushe fimbo yenyewe irefuke au ifupike bila kufungua kitu. Yangu ilikuwa na alama za nyundo katikati. Mzee alizipapasa, hakusema kitu. Alaimenti aliifanya kwa chaki na futi: mbele ya magurudumu pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Hakuna kioo, hakuna karatasi nyekundu.

Sasa linanyooka. Spidi 60, 70, kimya. Mizani ya mama samaki ilirudi na grisi, na amenidai mpya kwa kuwa wateja wanasema changu zake zinanuka gereji.

Ila usukani umekuwa mzito, kama inavyopaswa, na jana yule fundi wa kwanza alilijaribu hapa nje. Akazungusha mara moja, akaweka uso wa huruma.

"Mzee wangu, hii nzito. Tuifungue."

Funguo za gari nimempa mama watoto azifiche, na nimemwambia hata mimi asinionyeshe akimwona fundi yeyote getini.