Bushi, Beringi na Mafuta ya Alizeti

Mota ya feni ya mezani ina kitu kimoja tu kinachozunguka, rota, na shafti yake hushikwa mbele na nyuma na bushi mbili. Bushi hizo ni unga wa shaba na bati ulioshindiliwa ukachomwa hadi ukashikana, ukabaki na vitundu vidogo vinavyohifadhi mafuta. Shafti ikipata joto mafuta hutoka. Ikipoa, hurudi ndani.

Feni inatafuta nini Ilongero, katika mkoa wa Singida ambao upepo wake umevutia hata mipango ya kuzalisha umeme? Upepo wa nje huja na vumbi. Dirisha likishafungwa, upepo wa kununua huanza kazi, na vumbi lililokwishaingia huelekea kwenye bushi.

Ugonjwa huanza kwa feni kugoma kuanza mpaka isukumwe kwa kidole. Hapo mtoto mmoja huteuliwa kuwa msukuma feni, cheo kisicho na posho. Kisha hufuata mngurumo, na watu huzoea kuongea kwa sauti ya juu. Mwisho rota hukwama, koili huchemka, na fyuzi ya joto iliyofichwa ndani yake hukatika.

Kabla ya hapo, kuna tiba ya jikoni. Singida ni mkoa wa alizeti, kwa hiyo mafuta hayatafutwi mbali. Matone mawili yakiingia, feni huzunguka vizuri ajabu na mtiaji husifiwa. Lakini mafuta ya alizeti hushikana na oksijeni ya hewa, yakawa mazito, kisha yakawa gundi. Baada ya muda feni husimama kabisa, ikinukia chapati. Kinachofaa ni mafuta mepesi ya cherehani, na fundi nguo yeyote anayo.

Mafuta yakishindwa, feni huchomolewa kwenye umeme na kufunguliwa. Kifuniko kinachoshika panga huwa na nyuzi za kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao skrubu nyingine hukazwa. Mwenye nguvu asiyelijua hilo hukikaza kwa bidii mpaka kipasuke, kisha hulaumu plastiki za siku hizi. Washa zipangwe kwa mstari kadiri zinavyotoka, mbali na kuku.

Shafti itikiswe kushoto na kulia. Ikicheza, bushi imelika na hakuna mafuta yatakayoiponya. Shafti nayo ikaguliwe, kwani bushi mpya juu ya shafti iliyolika huendelea kugonga kama ya zamani.

Mota nyingine, kama za drili, hutumia beringi za gololi. Mnunuzi wa kawaida huenda dukani akionyesha ukubwa kwa kidole gumba, ilhali beringi yenyewe imeandikwa namba. Namba 608 ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje cha 22 na unene wa 7. Herufi ZZ ni vifuniko vya chuma. 2RS ni vya mpira, vinavyozuia vumbi vizuri zaidi ingawa huongeza uzito kidogo wa kuzunguka. Beringi ya zamani haitupwi: watoto huidai kwa ajili ya vigari vya mbao kabla haijapoa.

Beringi mpya huingizwa kwenye shafti kwa kugongwa pete ya ndani tu, kwa kipande cha bomba. Nyundo ikitua kwenye pete ya nje, nguvu hupitia kwenye gololi na kuacha vishimo, na beringi huzeeka siku ya kuzaliwa. Kwa bushi, shafti izungushwe kwa mkono huku ganda la mota likigongwa polepole, mpaka izunguke bila kubana.

Mwisho feni huwashwa nusu saa. Vuguvugu si tatizo. Mkono ukishindwa kukaa juu ya mota, bushi imebana. Feni ifunguliwe upya, safari hii kukiwa na skrubu moja pungufu.