Bei Iko Kitale

Duka letu la pembejeo lina matawi mawili, moja Kitale na jingine hapa Bungoma, ninakokaa mimi nyuma ya kaunta. Tangu mpwa wa bosi alete sistimu, bei haimo tena vichwani mwetu. Imehamia kwenye kompyuta ya Kitale, sisi huku tunaletewa stika.

Zamani nilikuwa na kalamu ya wino mzito na kadi ya manila. Bei ikipanda unakata, unaandika nyingine, mteja anaguna, anatoa pesa. Siku hizi mtu wa Kitale anabonyeza, printa ya Bungoma inakohoa, stika zinamwagika hadi sakafuni. Hata bidhaa iliyokwisha zamani inachapiwa stika, maana hifadhidata inasema ipo. Ukibisha unaambiwa sistimu haidanganyi.

Haidanganyi? Msimbopau wa bidhaa iliyosajiliwa Kenya huanza na 616, tarakimu 13 kamili, na ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na 12 za mbele ili mashine itambue kosa. Hesabu safi. Lakini mpwa aliipitisha orodha yote kwenye programu ya majedwali kwanza, nayo, kwa ujuaji wake, ilipoona nambari ndefu ikaifupisha: 6.16E+12. Ikachapwa vivyo hivyo. Kabla hatujashtuka, dawa ya kupe, jembe na chumvi ya ng'ombe vilikuwa kitu kimoja, kwa bei ya chumvi. Wateja walitupenda sana siku hizo.

Dawa ya mpwa ikawa kuachana na misimbo ya viwandani na kutunga yetu, inayoanza na 2, kwa kuwa hiyo imetengewa maduka kwa matumizi ya ndani. Kwa hiyo pakiti iliyokuja na mistari yake lazima ibandikwe mingine.

Na mistari yenyewe haidumu. Printa hizi hazitumii wino. Karatasi ndiyo hubadilika rangi ikiguswa na joto. Kitale, mita kama 1,900 juu ya bahari, watu wanashinda na sweta na stika inakaa. Sisi tuko mita kama 500 chini yao, na mabomba ya kunyunyizia dawa tunayapanga verandani, juani. Stika inapauka, mashine inaitazama tu.

Lakini kilichonichosha kabisa ni mbegu. Pakiti ya mahindi huja na stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu: unakwangua, unatuma nambari kwa 1393, unajibiwa kama mbegu ni halali. Mkulima atajikinga na nini kingine dhidi ya wanaopaka rangi mahindi ya posho wakayaita mbegu? Basi amri ya Kitale ikaja kwamba kila pakiti ibandikwe. Vijana wa stoo wakatafuta mahali palipo sawa, wakabandika juu ya KEPHIS.

Akaja mzee mmoja wa Chwele, akachukua mbegu ya H614 ya kilo mbili, akaigeuza na kuigeuza tena.

"Kijana, ya kukwangua iko wapi?"

"Iko chini ya bei, mzee."

Akaingiza ukucha. Bei ikabanduka vipande vipande, gundi ikabaki. Akakwangua taratibu, akatuma, simu ikalia: mbegu halali. Akatabasamu, akaniwekea pakiti kauntani. Mashine kimya. Hakuna stika, hakuna bei, hakuna risiti.

"Si uniambie tu ni pesa ngapi?"

Bei naijua. Nimeuza mbegu hiyo tangu mpwa akiwa anavaa kaptura ya shule. Lakini droo ya pesa haifunguki bila mistari, na kuchapa stika moja lazima Kitale waruhusu. Nikapiga simu. Wameenda chakula.

Mzee akavuta gunia la mbolea, akakaa.

"Ukimpata huyo wa Kitale," akasema, "mwambie huku mvua imeshanyesha."