Wanazika Saa Ngapi?

Kwenye klabu yetu ya vitabu kuna wanaosoma na kuna wanaokuja kula katlesi. Mimi sijawahi kuona ubaya wa hawa wa pili. Mtu ambaye hajasoma ndiye husikiliza vizuri, maana bila hivyo hatapata la kuchangia.

Mwezi ule tulikuwa na Gravel Heart, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2017, miaka minne kabla hajapewa Nobel. Tulikutana Magomeni, kwa mwenzetu anayeishi na bibi yake, mtu wa Unguja. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Wengi wetu tulikuwa na kopi za steshenari (mwandishi atuwie radhi), zimebanwa kwa pini zisizobana kitu. Kopi ya kaka mmoja wa benki ilikuwa imeruka kurasa kadhaa, naye akasoma zilizobaki bila kushtuka. Riwaya nzito zina faida hiyo: ukikosa kurasa kumi unadhani ni ufundi wa mwandishi.

Hadithi inamhusu Salim, kijana wa Zanzibar. Angali mdogo, baba yake, Masud, anahama nyumbani na kwenda kujifungia kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka. Hakuna anayemwambia mtoto sababu. Mama anaendelea kumpikia mume aliyemkimbia. Kila siku kikapu kinakwenda na chakula, kinarudi na vyombo. Tulikuwa tunabishana kama huo ni uvumilivu au ni deni, mwalimu mmoja akatamka kwa sauti ya darasani:

“Lakini kumbukeni, mama Salim anafariki mwanawe akiwa Uingereza.”

“Anafariki?” Yule wa benki aliangusha katlesi. “Lini?”

Tukampa pole. Tungefanyaje? Akawa anapekua kopi yake, kila ukurasa unabaki na dole la mafuta, akishikilia kwamba kwake yeye huyo mama bado mzima.

Jikoni sufuria zikanyamaza. Tukasikia “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” na Bi Mkubwa akatokea amejitanda kanga, mkoba kwapani, ndala ameshabadilisha kwa viatu vya kutokea.

“Mama Salim yupi, wanangu? Wanazika saa ngapi?”

“Bibi, ni kitabu,” mjukuu wake akasema.

“Kitabu nimekiona. Mie nauliza maiti.”

Kumbe alikuwa ameshampigia simu mdogo wake Unguja, na kule akina Masud hawakosekani. Simu zikaanza kuingia. Mmoja anauliza ni Masud wa Mlandege? Mwingine ana hakika ni wa Michenzani, na anashangaa, kwa sababu alimwona mke wa huyo Masud Darajani Ijumaa ananunua samaki, hana hata mafua. Bi Mkubwa akajitahidi kuwaeleza kwamba marehemu ni wa kitabuni. Upande wa pili ukauliza Kitabuni ndiyo wapi, ni huko shamba?

Kwa kuwa alishavaa, hakuona sababu ya kurudi jikoni. Akakaa. Mwalimu, katika kuurudishia mjadala heshima yake, akaeleza kwamba jina la riwaya limetoka kwenye Measure for Measure ya Shakespeare, tamthilia iliyochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1604. Kijana amehukumiwa kifo, dada yake anakwenda kumwombea kwa mkubwa, na mkubwa anasema atamwachia, ila kwanza huyo dada aje kwake usiku.

Bi Mkubwa akakung’uta makombo kwenye kanga. “Na huyo mama Salim hana kaka?”

Anaye. Anaitwa Amir.

“Alishawahi kufungwa?”

Hakuna aliyejibu. Dada mmoja aliyekuwa amefika nusu ya kitabu akaziba masikio kwa mito ya kochi.

“Basi si ndiyo hayo. Mkubwa kamtaka, yeye kaenda kumwokoa kaka yake, mume kashindwa kusema na kashindwa kukaa. Hilo la kuuliza?”

Gurnah ametumia karibu riwaya nzima kufika hapo. Salim naye amemaliza ujana wake ughaibuni bila kujua. Bi Mkubwa alitumia katlesi mbili.

“Hata kwetu,” akaendelea, akivua viatu, “marehemu babu yake huyu…”

Klabu nzima ikasogea mbele. Hata yule wa benki aliacha kutafuta kurasa zake. Mjukuu akakumbuka ghafla kwamba chai imepoa, feni haizunguki vizuri, na magharibi ndiyo hiyo inaingia, ingawa ilikuwa saa tisa na nusu.

“Haya, na huyo Masud aliishia wapi?” Bi Mkubwa akauliza.

Tukamwambia baba yake alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye Kuala Lumpur.

“Malaysia?” Alitutazama mmoja mmoja. “Mke anampikia, baba anampeleka Malaysia, halafu nyie mmekaa hapa mnamwonea huruma?”

Simu ikaita tena. Akaipokea. “Hajambo,” akawaambia wa Unguja. “Yupo Malaysia. Kunjeni turubai.”