Timu Iliyojiandaa kwa Italia Ikafika Kigoma

Mpira wa raga ukidunda haukuambii unaelekea wapi. Kwenye uwanja wa shule moja ya Rumonge, hatua chache kutoka Ziwa Tanganyika, mara nyingi ulielekea majini. Siku ya kwanza ya mazoezi ulielea taratibu hadi ukamfikia mvuvi aliyekuwa akirudi na ndagala zake. Aliuokota, akauminya huku, akauminya kule, kisha akaushusha ufukweni kwa uso wa mtu anayeleta habari za msiba.

"Mwalimu, poleni," akasema. "Nadhani kuna kitu kimeukalia."

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa wachezaji 15 waliokuwa wakicheka wakati huo. Alivaa jezi namba 15, si kwa kipaji, bali kwa sababu ndiyo iliyobaki. Kocha, mwalimu wa michezo aliyejifunza raga akisoma Bujumbura, hakucheka. Alikuwa na ndoto kubwa kuliko uwanja ule.

Kocha alikuwa amesikia kwamba timu za shule za Ulaya wakati wa likizo husafiri kwenda Italia: wanacheza mechi mbili tatu, wanatazama magofu, wanakula vizuri, wanarudi na hadithi za mwaka mzima. Italia yenyewe aliijua kwa moyo. Aliweza kusimulia bila kuangalia karatasi jinsi ilivyokaribishwa kwenye Mashindano ya Mataifa Sita mwaka 2000, na siku ya kwanza kabisa ikaifunga Scotland 34 kwa 20. Aliisimulia kana kwamba Scotland ni kijiji cha jirani na yeye alikuwa mshika kibendera.

Basi mafunzo yakaanza. Jioni wachezaji walikaa bwaloni kujifunza kula muhogo wa kuchemsha kwa uma na kisu. Walifundishwa kusema "bonjorno" bila kuangua kicheko. Waliambiwa kwamba ugenini mtu hasemi kwa sauti kubwa, hachelewi, na haombi mchuzi mara ya pili.

Kisha diregiteri, mkuu wa shule, akauliza nauli ni kiasi gani. Kocha akataja. Ofisi ikawa kimya kiasi cha kusikia mawimbi. Hatimaye diregiteri akainuka, akasimama mbele ya ramani ukutani, na kuuliza swali la busara: "Na ughaibuni ulio karibu ni upi?"

Kwa mtu wa Rumonge, ughaibuni haupungui. Hewa ikitakata, ukitazama magharibi unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Ukishuka kusini kupitia Nyanza-Lac, ukapanda Mabanda, unafika Mugina, na mbele yake ni Manyovu, Tanzania. "Kigoma," diregiteri akasema, akatia saini. Baada ya saini yake uma na visu vilirudishwa kabatini, isipokuwa viwili vilivyoingia mifukoni mwa vijana wenye matumaini.

Hakuna aliyejiandaa tena. Ya nini? Rumonge ni mji wa Kiswahili: sokoni, misikitini, mwaloni, watu wanaongea lugha ileile inayoongewa Kigoma. Kila nyumba ina mjomba aliyewahi kuvua upande ule. Kocha akaandika barua kwa shule ya wenyeji, sentensi moja tu, safi: "Tutakuja na timu yetu ya mpira yenye wachezaji 15 kwa mechi ya kirafiki, Jumamosi saa tisa alasiri." Barua ilisomwa, ikaeleweka, ikajibiwa kwa furaha. Ndani yake mlikuwa na mitego mitatu.

Safari ilikuwa ya Hiace moja iliyotoka Japani na usukani wake kulia. Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mlango wa abiria wa Hiace hiyo, ulio kushoto, ulikuwa ukifungukia katikati ya barabara, na abiria walizoea kushuka kama watu wanaoruka mtumbwi. Nyuma, juu ya mfuko wa jezi, iliwekwa zawadi ya wenyeji: bidoni ya lita 20 ya mawese ya Rumonge. Kifuniko kilikuwa kimepotea, kikazibwa kwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa cha kijani. Kupeleka mawese Kigoma, nchi ya mawese, ni sawa na kupeleka chumvi Uvinza, lakini nani angempinga diregiteri?

Mpakani askari mmoja aliutaka mpira. Akauminya, akautikisa karibu na sikio, akauweka mezani. Ukabingirika kwa namna yake, ukaanguka upande ambao hakuutegemea. "Humu ndani mmeweka nini?" akauliza. Kocha alitumia robo saa kueleza raga kwa watu waliokuwa na foleni ya malori ya kushughulikia. Walipigiwa muhuri kwa kuchoshwa.

Baada ya geti la Manyovu dereva alitakiwa kuhamia kushoto. Alihama. Tatizo ni kwamba kila kona alirudi kulia bila kujijua, kama ng'ombe anayekumbuka zizi, hadi wachezaji wakajipanga kumwimbia: "Kushoto! Kushoto!" Heri ilikuwa moja. Kwa mara ya kwanza tangu gari hilo liingie Burundi, mlango ulifungukia kwenye nyasi. Namba nane, aliyezoea kuruka mbali, aliruka kwa mazoea akatua mtaroni.

Waliingia kwenye uwanja wa wenyeji saa nane na nusu, wakijipongeza. Kocha alikuwa amesisitiza sana suala la kutochelewa. Wenyeji walikuwa wamekaa chini ya mti na nyuso za watu waliokwisha kata tamaa.

"Poleni na safari," mwalimu wao akasema kwa upole. "Tulidhani hamji tena. Ni saa tisa na nusu."

Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi. Hilo kila mtu alilijua kwa namna ambayo mtu anajua mji mkuu wa Mongolia: lipo kichwani, halijawahi kuhitajika. Na hapo ndipo Kocha, aliyekuwa akijifuta jasho, alipokumbuka jambo lililomuuma zaidi. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa za Roma na za Rumonge ni zilezile. Na Italia magari hupita kulia, kama Burundi. Kwa saa na kwa barabara, timu yake isingepata taabu hii Roma.

Mitego miwili iliyobaki ilikuwa tayari imesimama uwanjani. Wenyeji walitoka vijana 11 wenye soksi ndefu, kipa akiwa na glavu, na wanne wa akiba wakipasha misuli pembeni. Walikuwa wamesoma barua vizuri sana. Mpira ni mpira, na wachezaji 15 ni 11 na akiba wanne. Watazamaji walijaa, kwa kuwa Kigoma Mrundi wa mpira anajulikana: Amissi Tambwe aliifungia Simba, kisha akaifungia Yanga, na watu hawajasahau. Waliposhuka vijana wa Rumonge, wanene mbele na wembamba nyuma, mtu mmoja akapaza sauti, "Tambwe wenu ni yupi?"

Kocha akautoa mpira wake. Uwanja mzima ukautazama.

"Huu umepata ajali?" akauliza kipa.

"Sisi tunachezaka na mikono," namba tisa akaeleza, na watoto wa Kigoma wakacheka hilo "tunachezaka" kwa dakika nzima kabla ya kufikia habari ya mikono.

Makubaliano yalifikiwa kwa hekima ya wazee: kipindi cha kwanza soka, cha pili raga. Kwenye soka, mwandishi wa makala haya aliwekwa beki. Mpira wa kwanza wa juu ulipomjia, alifanya alichofundishwa miezi minne: akaudaka kifuani, akaukumbatia, akakimbia nao. Penalti. Mara ya pili alijikumbusha asidake, akadaka. Mwenzake alimwangusha mshambuliaji kwa kumkamata miguu yote miwili, kisha akamsaidia kuinuka na kumshika mkono, kama raga inavyotaka. Mapumziko yalikuta Kigoma 7, Rumonge 0.

Kipindi cha pili mambo yaligeuka. Kocha aliwaeleza wenyeji kanuni kuu: kwa mkono, mpira hurushwa nyuma tu. Nahodha wao alifikiri sana. "Sasa tutafikaje mbele?" akauliza. Swali hilo halikupata jibu la kumridhisha hadi filimbi ya mwisho. Mmoja wao aliupiga mpira kichwa, ncha ikamkuta kwenye paji la uso, akaomba atolewe. Rumonge walivuka mstari mara saba, pointi tano kila mara: 35 kwa 0. Kocha akatangaza ushindi wa 35 kwa 7. Mwalimu mwenyeji, ambaye bila shaka alifundisha hesabu, akasema saba kwa saba ni sare.

Usiku ukaletwa ugali na samaki, pamoja na beseni la maji ya kunawa. Vijana wawili wakatoa uma zao mfukoni, wakatazamwa, wakazirudisha. Mchezaji mkubwa kuliko wote, anayesukuma mstari wa mbele, aliambiwa samaki huyo ni mgebuka, akakataa kwa adabu. Kwao hawali samaki wasiowajua. Alishikilia msimamo wake hadi jirani yake alipofunua kichwa kilichokuwa chini ya mchuzi. Kimya kikapita. "Si mukeke huyu?" akasema, kwa uchungu wa mtu aliyepoteza nusu saa. Alikula watatu.

Jumapili walipelekwa Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Mwongoza wageni alipofika mahali pa kusema wazungu hao walikutana hapa mwaka 1871, mikono mitano ikainuka. Kwao Burundi, kusini ya Bujumbura, kuna jiwe la Mugere lililoandikwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Walikutana kule! Mwongozaji, mtu mvumilivu, alieleza kwamba baada ya kukutana Ujiji wawili hao walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kuona kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakaukuta unaingia, na njiani wakalala Mugere. "Jiwe lenu ni la kweli," akasema. "Ila walikuwa wameshajuana."

Safari ya kurudi iliwarudishia saa yao mpakani. Dereva, aliyekuwa ameipenda kushoto hatimaye, aliendelea nayo ndani ya Burundi hadi akakutana uso kwa uso na baiskeli tatu zilizosheheni ndizi. Jezi zilizokuwa nyeupe zilikuwa za rangi ya machungwa, kwa sababu gunzi halikuwa limefanya kazi yake vizuri wakati wa kwenda. Lakini hawakurudi mikono mitupu: wenyeji nao walikuwa wamewapakilia zawadi gizani, bidoni ya mawese.

Diregiteri aliipokea ofisini mbele ya timu nzima. Alitia kidole, akalamba, akafumba macho. "Hawa wenzetu," akasema, "wana mawese. Haya ya kwetu hayafikii hapa." Kocha alifungua mdomo, akaangalia gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa cha kijani mezani, akaufunga.

Wiki iliyofuata diregiteri aliagiza bidoni mbili zaidi kutoka Kigoma.