Vita Miaka 3, Vicheko 11

Wamarekani hawatupi filamu iliyochekesha; huipasha moto na kuipakua upya kwenye televisheni. M*A*S*H, filamu ya 1970 kuhusu madaktari wa jeshi katika Vita ya Korea, iligeuzwa tamthilia ya vichekesho mwaka 1972, ikafungwa Februari 1983 mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 100. Vita yenyewe ilipiganwa miaka 3. Vicheko vikadumu 11.

Si zote huambulia hivyo. Ferris Bueller, kipenzi cha majumba ya sinema mwaka 1986, ilipofika kwenye televisheni mwaka 1990 haikuvuka msimu mmoja.

Wakazi wa Msimbati, kule Mtwara, vituko hivyo viliwapita. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994. Lakini nani alikosa burudani? Mwaka 1959 Mwingereza mmoja aliyehamia hapo, Latham Leslie-Moore, alitangaza Usultani huru wa Msimbati, miaka 2 kabla ya Tanganyika yenyewe kujitawala. Uhuru huo ukazimwa 1962. Mwandishi gani wa Hollywood angethubutu kubuni hilo, tena bila kulipwa?

Kisha gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay, huko huko Msimbati, mwaka 1982, M*A*S*H ikiwa bado hewani, ikaanza kuzalishwa 2006. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa Oktoba 2015. Hata watayarishaji wa Marekani, mabingwa wa kuvuta hadithi, katikati hapo wangeweka walau matangazo ya biashara.